Samaki wa Belo Amehamia Begani

Shikamoo Shangazi,

Ninaishi Chanika, hapa Handeni. Nina watoto wanne na riziki yangu ni mitumba. Mwezi Machi nilifungua belo la fulana za kiume, ikatoka moja nyeusi yenye samaki mkubwa mwekundu aliyepinda mgongo katikati ya mawimbi. Magamba yake yamechorwa moja moja, na maandishi ya Kizungu yamemzunguka; neno la mwisho nililolisoma ni Hardy. Mwanangu wa pili, ana miaka 20, akaipenda. Nikampa bure.

Baada ya wiki tatu akaenda Korogwe kwa rafiki yake, akarudi amevaa shati la mikono mirefu kwenye jua lile. Siku ya nne nikamwona anaoga uani: samaki yule yule, begani. Ni mistari mitupu, rangi bado. Aliyemchora kamwambia arudi na shilingi 40,000 ammalizie. Nilipiga ukunga mpaka majirani wakaja. Usiku ule niliichukua ile fulana nikaitia kwenye mafiga. Tangu hapo mwanangu ananisalimia, anakula, anashukuru, anatoka. Basi.

Shemeji yangu mkubwa anasema yule si samaki, ni jini la Kijapani, na michoro hiyo ni ya majambazi wa huko. Amepata mganga anayetaka mbuzi mweusi ili amchanje kijana, amtoe huyo mgeni. Na mwanangu alikuwa anasubiri nafasi za upolisi. Shangazi, mimi ndiye niliyempa ile nguo. Nimemharibu mtoto kwa mkono wangu? Nimlazimishe aufute huo mchoro?

Mama wa Samaki, Chanika

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye mafiga. Nitarudi hapo. Kwanza tumalize habari ya jini.

Hardy ni jina la mtu. Don Ed Hardy ni Mmarekani wa California aliyezaliwa mwaka 1945, na kazi yake ilikuwa kuchora watu tatuu. Mwaka 1973 alifunga safari mpaka mji wa Gifu, Japani, akajifunze kwa fundi aitwaye Horihide namna Wajapani wanavyoifanya kazi hiyo. Miaka ya 2000 michoro yake ikapewa kibali cha kuchapishwa kwenye nguo, na mfanyabiashara Mfaransa, Christian Audigier, akaimwaga kwenye fulana, kofia na suruali za jinzi. Wasanii wa Marekani wakazivaa, vijana wakazigombania, kisha mtindo ukachuja. Wewe ni muuza mitumba, huhitaji nikueleze nguo iliyochuja huko inaelekea wapi.

Sasa samaki mwenyewe. Anaitwa koi. Hadithi yake ilianzia China ikahamia Japani: samaki hao walipanda mto wenye maporomoko makali, wengi wakarudishwa na maji, na aliyefika juu akageuka joka. Ndiyo maana fundi humchora amepinda mgongo, mawimbi yakimpiga usoni. Bado yuko njiani. Na hili nataka ulisikie wewe kama mama: kila tarehe 5 Mei, siku ya watoto, familia za Japani hutundika mlingotini samaki hao walioshonwa kwa kitambaa, upepo ukawajaza tumbo wakawa kama wanaogelea hewani. Desturi hiyo ilianza kwa ajili ya watoto wa kiume, mzazi akimtakia mwanawe nguvu ya kupanda maji. Samaki uliyempigia ukunga wewe, mama wa kule humtundika akishangilia.

Hata hivyo, shemeji yako hakuyaokota maneno yake barabarani. Enzi za mashoguni, watawala wa kijeshi wa zamani, kuanzia mwaka 1720, wahalifu wa Japani walichorwa alama mkononi au usoni ili wajulikane. Lakini raia nao walikuwa na michoro yao ya hiari, na hiyo ilipamba moto baada ya 1827, mchoraji Utagawa Kuniyoshi alipoanza kutoa picha za mashujaa wa hadithi moja ya Kichina, miili imejaa majoka na maua. Wazima moto wa Edo, mji tunaouita Tokyo leo, walijichora majoka kwa sababu joka la huko ni mnyama wa maji. Hata makoti yao mazito ya pamba yalikuwa na picha za aina hiyo, ila kwa ndani. Nje koti lilikuwa la kazi tu. Moto ukishazimwa ndipo walipoligeuza, watu wakaona.

Mwaka 1872 serikali ikapiga marufuku kuchora, na katazo hilo likadumu mpaka 1948. Kazi ikaingia mafichoni, na baadaye ikashikamana machoni pa watu na magenge ya Yakuza, ndio hao majambazi anaowasema shemeji. Mpaka leo yako mabafu ya umma huko yanayomkatalia mwenye tatuu asiingie. Kwa hiyo hata nyumbani kwake samaki huyu hasomwi na wote kwa namna moja.

Mwanao basi hakubeba jini wala hakujiunga na genge. Alibeba picha, ufundi wake akauacha huko Japani, na hapo ndipo mimi na yeye tunapogombana. Fundi wa jadi wa Kijapani hupewa jina linaloanza na Hori, lenye maana ya kuchonga, baada ya kumtumikia mwalimu wake kwa miaka. Hushika kijiti chenye sindano kadhaa nchani, mkono mmoja ukivuta ngozi na wa pili ukichoma, tone kwa tone. Mgongo mzima ni kazi ya kwenda na kurudi kwa miaka, na mteja ana nafasi ya kutosha ya kujiuliza kama kweli anautaka. Mwanao alipewa mchana mmoja, mchoro ulionakiliwa kutoka kwenye fulana ya mtumba, na mkono wa mtu anayejifunzia begani mwake.

Lakini usije ukamwambia kwamba Mwafrika hachori mwili, atakushinda. Mimi nimekulia kambi ya mkonge huko Korogwe, baba yangu akiwa mkata mkonge. Jirani yetu mmoja alikuwa mzee wa Kimakonde aliyekuja kutoka kusini kutafuta kazi, na uso wake ulikuwa na nembo: mistari iliyovunjika kama meno ya msumeno, kutoka mashavuni mpaka kidevuni, rangi ya bluu iliyofifia. Akilala kibarazani sisi watoto tulikuwa tunaihesabu. Alituambia alichanjwa kwa kisu kidogo, akapakwa masizi ya mbarika kwenye majeraha, na hakutakiwa kulia. Kwao kila aliyemtazama alijua katoka wapi. Lakini wanawe waliozaliwa kambini hakumchanja hata mmoja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Huku nani ataisoma?"

Jibu hilo limenirudia nilipokuwa nasoma barua yako. Mwanao ana mchoro ambao Chanika kila mtu anausoma anavyojua. Shemeji anasoma jini, majirani wanasoma uhuni, wewe unasoma kosa lako. Aliyeubeba hakuna aliyemuuliza yeye anasoma nini.

Sasa yale ya kufanya.

Mganga, hapana. Kijana ametobolewa ngozi kwa sindano usiyoijua, halafu dawa yake iwe kutobolewa tena kwa wembe usioujua? Chale nazo ni michoro, mwanangu. Mbuzi abaki zizini. Upande wa dini hukunieleza mnaabudu wapi, ila najua mashekhe wengi wanakataza tatuu na makanisa mengi hayaipendi. Nendeni mkazungumze na wa kwenu. Mlango wa toba hauna foleni.

Kinachonitia hofu mimi si samaki, ni hiyo sindano. Sindano iliyopita kwa mwingine huweza kuleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini ya aina B na C. Aende kituo cha afya, aseme wazi alichofanya, apime sasa na arudie baada ya miezi mitatu. Aulize pia chanjo ya homa ya ini B na ya pepopunda. Bega likivimba, likiwa la moto, likitoa usaha au akipata homa, asisubiri miezi wala wiki, aende siku hiyo hiyo.

Kumlazimisha afute, hapana pia. Kuna vijana wamejipaka maji ya betri, wengine wamejipiga pasi ya moto, wakatoka na kovu baya kuliko mchoro. Njia ya hospitali ni mionzi ya leza. Ni ghali, hurudiwa mara nyingi, na si lazima ngozi irudi kama ilivyokuwa. Hilo ni la yeye kuamua, akiwa na fedha yake.

Kuhusu upolisi nitakuambia kweli ingawa inauma. Matangazo ya ajira za Jeshi la Polisi yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na michoro mwilini. Mbele ya anayekagua, mistari mitupu na rangi kamili ni kitu kimoja. Asidanganye kwenye fomu, na asikae miaka mitatu akiungojea mlango huo peke yake. Chuo cha ufundi cha Veta, udereva, hata biashara yako hiyo, hakuna anayemvua mtu shati kwanza.

Na zile 40,000, mwombe asizipeleke. Usimwamrishe, mwombe. Mwambie akae mwaka mmoja na mistari yake. Kama mwakani bado anamtaka samaki wake, atafute mtu mwenye sindano mpya inayofunguliwa mbele ya macho yake. Kama hamtaki tena, atakuwa ameokoa fedha na nusu ya bega.

Swali lako la kwanza nimeliacha makusudi. Hukumharibu. Umeuza fulana ngapi za Arsenal, na ni wangapi wameitwa London kwa ajili yake? Nguo ilikuwa nguo. Kwenda Korogwe aliamua mtu mzima wa miaka 20, na gharama ni yake. Ukijitwika hilo kosa utakuwa umemnyang'anya hata makosa yake.

Lakini fulana uliyoichoma hiyo ni yako. Ilikuwa zawadi, na zawadi ikishatoka mkononi haina mwenyewe wa zamani. Najua kwetu mzazi haombi radhi kwa mtoto kirahisi, na ukimwita ukamketisha kitini mtaangaliana kama watu wa baraza la usuluhishi. Kwa hiyo usimkalishe. Siku utakapofungua belo jingine, mwite akusaidie kuchambua. Wewe shika za kike, yeye ashike za kiume. Mikono ikiwa na kazi, ulimi unakuwa mwepesi. Katikati ya kazi mwambie, "Ile fulana nilikosea kuichoma." Usiongeze "lakini".

Kisha muulize yule samaki alimpendea nini. Huenda akajibu, "Basi tu, mama, alikuwa mzuri," na hilo nalo ni jibu. Ila kijana anayesubiri ajira, akamwona samaki anayepigwa na maji na bado anapanda, huenda alijisoma pale kabla sisi hatujamsoma. Msikilize mpaka amalize, na belo lisubiri.

Shangazi