Mwanzo, Utangulizi, Dibaji na Ufunguzi



Maneno haya manne hufanana kama watoto wa tumbo moja, bali kila moja lina kazi yake.

MWANZO ni sehemu ya jambo lenyewe. Ukiuondoa, jambo limepunguka. Ndiyo maana kitabu cha kwanza cha Musa chaitwa Mwanzo.

UTANGULIZI latoka katika kutangulia. Ni kitu kiendacho mbele ya jambo, kulitengenezea njia. Katika Waebrania 6:20 Bwana wetu aitwa mtangulizi, kwa kuwa ameingia kwanza kwa ajili yetu. Hata Yohana 1:1-18 ni utangulizi: uzima na nuru hutajwa hapo, kisha hufunuliwa katika sura zifuatazo.

DIBAJI ni neno la asili ya Kiarabu, nalo ni la vitabu. Hueleza kwa nini kitabu kimeandikwa, na kwa ajili ya nani. Tazama Luka 1:1-4, Luka anapomwambia Theofilo kusudi lake. Basi usiseme, “dibaji ya mkutano.”

UFUNGUZI ni tendo la kufungua, kama vile kufungua mkutano au shule, watu wapate kuingia.

Je, ni neno dogo hili? Sivyo. Zamani, katika usharika mmoja wa Kasulu, niliandika tangazo: “Utangulizi saa tatu, Meza ya Bwana saa nne.” Hiyo saa tatu ilikuwa ya maungamo. Wengi walifika mapema, maana walisikia kwa sikio la kwao. Ndugu zetu Warundi, ambao lugha yao ni jirani sana na Kiha, husema gutangura, yaani kuanza. Na kitabu cha Mwanzo hukiita Itanguriro. Bali mzee mmoja wa upande wa Kibondo, aliyekata mkonge Tanga ujanani mwake, alijua Kiswahili cha pwani. Akawaza: “Kitanguliacho si jambo lenyewe.” Akaja saa nne. Alipokuta maungamo yamekwisha, hakuthubutu kuikaribia Meza, akaketi nyuma akilia. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu. Ilinipasa kuandika: “Ibada yaanza saa tatu kwa maungamo.”

Basi, mwalimu, kabla hujaandika tangazo, jiulize: Asiyefika saa hii atakosa nini? Ikiwa atakosa sehemu ya jambo lenyewe, uite mwanzo.