Dondoo muhimu: Wiki mbili kabla ya fainali za mbio za nyika
Katika shule za sekondari za Marekani, msimu wa mbio za nyika kwa kawaida huanza Agosti na kufikia kilele Novemba, kwenye fainali za jimbo za kilomita 5. Wengi huharibu mambo mwishoni kwa kuongeza mazoezi wakati yanatakiwa kupungua. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliojumlisha tafiti 27 ulionyesha kuwa wanamichezo hunufaika zaidi wakipunguza kiasi cha mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60 ndani ya wiki mbili, bila kugusa kasi. Basi aliyezoea kilomita 60 kwa wiki ashuke hadi 30 hivi, ila asiache marudio ya mita 400 kwa kasi ya mashindano. Machache yanatosha.

Wapo watakaosema pumzi itapotea. Hofu hiyo inaeleweka, lakini stamina ya miezi mitatu haiyeyuki kwa wiki mbili za mazoezi mepesi. Kinachoondoka ni uchovu. Miguu ikiwa mizito siku mbili tatu za mwanzo, usiongeze kitu. Na tafadhali, makocha, msikate usingizi wa vijana hawa kwa mazoezi ya alfajiri: wanahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku.