Vidokezo 7 vya kutoa pesa zako za 457(b) bila hasara

Unaendesha basi la jiji huko Marekani? Unauguza wagonjwa katika hospitali ya kaunti, au unapika kwenye shule ya umma? Basi huenda kila mshahara unakatwa kiasi kinachoingia kwenye mpango wa 457(b). Huo ni mshahara wako mwenyewe, uliouahirisha ukusubiri uzeeni pamoja na faida yake. Kuweka umeweka, hongera! Sasa tujipange kuutoa, maana pesa nyingi hupotea hapo, tena kwa haraka tu.

1. Umeacha kazi? Furahi, hakuna adhabu!
Hii ndiyo raha ya 457(b). Ukishaachana na mwajiri huyo, iwe umestaafu, umejiuzulu au umepunguzwa, unaweza kutoa pesa ukiwa na umri wowote bila ile adhabu ya 10% inayowaandama wengi wenye 401(k), mpango wa akiba ya uzeeni wa kampuni binafsi. Kodi ya mapato utalipa, isipokuwa kwa michango ya Roth, ambayo ulishailipia. Angalia tu: pesa ulizohamishia humo kutoka 401(k) au IRA (akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni) bado zinabeba adhabu yake.

2. Usikimbilie IRA
Ukiaga kazini, ushauri hautakosekana: "Hamishia zote IRA!" Taratibu kwanza. Kama hujatimiza miaka 59 na nusu, pesa zikishaingia IRA zinafuata sheria za huko, na ile adhabu ya 10% inarudi. Una miaka 54 na utahitaji hela karibuni? Kiasi hicho kiache hukohuko kwenye 457(b).

3. Hundi isipitie mkononi mwako
Unahamishia pesa mpango mwingine? Kwenye fomu, weka alama penye kuhamisha moja kwa moja. Ukisema "nitumieni mimi kwanza," sheria inawalazimu wakate 20% ya kodi ya serikali kuu. Uliomba dola 30,000? Utapokea 24,000. Ili uhamishe zote, una siku 60, na zile 6,000 zilizokatwa utazitafuta mfukoni mwako. Ukishindwa, zitahesabiwa kuwa umezitoa. Alama moja tu kwenye fomu inakuepusha na yote hayo!

4. Subiri Januari, kisha toa kidogo kidogo
Kodi ya Marekani hupanda kwa ngazi. Mwaka 2025, kwa asiye na mwenzi, ngazi ya 12% iliishia kwenye dola 48,475 za mapato yanayotozwa kodi, na dola zilizofuata hapo zikaanza kutozwa 22%. Umestaafu Novemba? Mshahara wa mwaka mzima tayari uko kwenye hesabu, kwa hiyo vumilia hadi Januari. Halafu badala ya kuchota zote kwa mkupuo, omba malipo ya kila mwezi. Yakipangwa kwa miaka 10 au zaidi, ile 20% ya lazima haiyagusi.

5. Bado uko kazini na mambo yamebana?
Uliza mpango wako unaruhusu nini. Baadhi hukubali kutoa ukifikisha miaka 59 na nusu. Baadhi hukopesha, kwa kawaida hadi nusu ya akiba yako lakini si zaidi ya dola 50,000. Kuna pia dharura isiyotarajiwa: ugonjwa, mazishi ya mwenzi au mtu unayemlea, au nyumba inayotaka kuchukuliwa. Ada ya chuo na kununua nyumba kwa kawaida hazihesabiki kuwa dharura. Ambatisha bili ya hospitali au notisi ya kufukuzwa kwenye nyumba tangu siku ya kwanza, na uombe kiasi kinachohitajika pamoja na kodi yake.

6. Ukihama, hesabu inabadilika
Tangu 1996, jimbo ulilolihama haliruhusiwi kutoza kodi pesa zako za 457(b). Jimbo unaloishi ndilo lenye haki hiyo. Na Texas na Florida hazitozi kabisa kodi ya mapato ya mtu binafsi! Unahama mwaka huu? Hama kwanza, toa baadaye. Na kama unarudi Mombasa au Mwanza, kumbuka kwamba raia wa Marekani na mwenye green card bado hujaza ripoti ya kodi ya Marekani popote alipo.

7. Kulimbikiza nako kuna mwisho
Ukifikisha miaka 73 na umeshaacha kazi, ni lazima utoe kiasi fulani kila mwaka. Waliozaliwa 1960 na kuendelea wana hadi miaka 75. Ukisahau, faini ni 25% ya kiasi ulichopaswa kutoa; ukirekebisha mapema, inashuka hadi 10%. Mwombe msimamizi wa mpango akupangie malipo hayo yatoke yenyewe kila mwaka, nawe uendelee kula pensheni yako kwa raha.

Haya, kazi ya wiki hii ni simu moja tu. Mpigie msimamizi wa mpango umuulize: nina kiasi gani, naweza kutoa lini, na mrithi wangu ameandikwa nani? Hilo la tatu usiliache. Ukiwa umeoa au kuolewa upya na fomu haijabadilishwa, pesa zinaweza kwenda kwa mtu uliyeachana naye zamani. Jasho ni lako. Hakikisha linakufaa wewe na uwapendao!