SOMO LA FAMILIA: Waliokufa Siku Moja



Kila mwezi wa nne ukikaribia, maswali mawili hurudi katika vikundi vyetu vya maombi. La kwanza: "Je, tarehe 7 ni siku ya mkosi? Mbona wengi hivyo walikufa siku hiyo?" La pili huulizwa kwa sauti ya chini: "Sisi tulikimbia, wao wakabaki nyuma. Siku waliyokufa hatuijui. Tutawakumbuka lini?" Tumeona vema tuyachukue maswali hayo pamoja, tuyasome nyumbani, wazazi na watoto.

Maandiko ya kusoma kwanza: 1 Samweli 31:1-6, 2 Samweli 1:17-27, Luka 13:1-5.

1. Kigali, usiku mmoja na mchana wake

Jumatano tarehe 6 Aprili 1994, baada ya saa mbili za usiku, ndege ilitunguliwa ikikaribia kutua uwanja wa Kanombe, Kigali. Ilikuwa ikitoka kwenye mkutano Dar es Salaam. Ndani yake walikuwamo marais wawili: Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Wote waliokuwamo, watu 12, walikufa. Habyarimana alikuwa ametawala tangu 1973. Ntaryamira alikuwa na miezi miwili tu madarakani. Mmoja miaka zaidi ya 20, mwingine miezi miwili, lakini dakika yao ya mwisho ilikuwa moja.

Kulipokucha tarehe 7, wauaji walikuwa tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Bibi Agathe Uwilingiyimana alikuwa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo Rwanda. Zamani alikuwa mwalimu wa kemia. Alipokuwa waziri wa elimu alipinga watoto kupewa nafasi za shule kwa kuangalia kabila. Asubuhi ile alitaka kwenda redioni aongee na wananchi. Hakufika. Aliuawa pamoja na mume wake. Watoto wao 5 walikuwa wamefichwa karibu, wakapona.

Askari 10 wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa, waliokuwa wametumwa kumlinda, waliuawa siku hiyo hiyo katika kambi ya jeshi mjini. Siku hiyo hiyo aliuawa Joseph Kavaruganda, rais wa Mahakama ya Katiba. Aliuawa Landoald Ndasingwa, waziri wa kazi, pamoja na mke wake, mama yake na watoto wake wawili. Huko Remera, katika nyumba ya mafungo ya Centre Christus, watu 17 waliuawa, wakiwemo mapadre na wasichana waliokuja kusali.

Na nyumbani kwao Kigali waliuawa Cyprien Rugamba na mke wake Daphrose, pamoja na watoto wao 6. Rugamba alikuwa mshairi na mtunzi wa nyimbo aliyejulikana nchi nzima. Ndoa yao ilipitia miaka migumu, kisha wakapatana na kumrudia Mungu pamoja. Walikuwa wakiwalisha watoto wa mitaani wa Kigali. Mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilianza kuchunguza maisha yao ili watangazwe wenye heri.

Hao ni waliojulikana majina. Pamoja nao walianza kufa wasiojulikana, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaendelea kwa siku zipatazo 100. Wahutu waliokataa kushiriki nao waliuawa. Gisozi peke yake, kwenye ukumbusho wa Kigali, wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Ndiyo maana Rwanda huanza maombolezo tarehe 7 Aprili, na mwaka 2003 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba dunia nzima iikumbuke siku hiyo.

2. Je, tarehe ndiyo iliyoua?

Tuangalie tarehe 7 Aprili ya miaka mingine. Mwaka 1947, huko Marekani, Henry Ford alikufa nyumbani kwake akiwa na miaka 83. Kiwanda chake kilikuwa kimetengeneza magari zaidi ya milioni 15 ya aina moja tu. Usiku ule mafuriko ya mto yalikuwa yamekata umeme, hivyo tajiri yule alikufa akiangaziwa na mishumaa na taa za mafuta, kama tunavyoangaziwa wengi wetu jioni.

Mwaka 1972, huko Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, alipigwa risasi Kisiwandui, kwenye makao ya chama chake, alipokuwa akicheza bao na wenzake. Hadi leo Tanzania hupumzika kazi siku hiyo ili kumkumbuka.

Mzee aliyekufa kitandani kwake, kiongozi aliyeuawa na maadui zake, mama aliyeuawa kwa sababu ya msimamo wake, watoto waliouawa kwa sababu ya kuzaliwa kwao. Tarehe ni moja, habari ni tofauti kabisa. Kwa hiyo tusiseme siku ina mkosi. Siku haishiki panga. Kigali chuki ilikuwa imehubiriwa redioni muda mrefu kabla, na vijana walikuwa wamekwisha fundishwa kuua. Tukiilaumu tarehe, tunawaachilia waliotenda, na tunasahau kuchunga ndimi zetu wenyewe.

3. Maandiko yanatufundisha nini?

Katika Luka 13 watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yeye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Watu walitaka kujua kosa la marehemu. Yesu alikataa kabisa wazo kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine, akawageuzia wasikilizaji swali: nanyi mnaishije? Basi yeyote anayemwambia jirani, "Watu wako walikufa kwa laana", hasemi kama Yesu.

Tena, katika 1 Samweli 31, Sauli na wanawe watatu walikufa siku moja, juu ya mlima mmoja. Sauli alikuwa amemwinda Daudi miaka mingi. Yonathani mwanawe alikuwa rafiki aliyeokoa maisha ya Daudi. Daudi alipopata habari alifanya nini? Hakushangilia kifo cha Sauli. Aliwalilia wote wawili. Lakini pia hakuwachanganya. Kwa Yonathani alikuwa na maneno yake ya pekee, ya ndugu kwa ndugu.

Hili ndilo somo letu. Kufa siku moja hakuwafanyi watu kuwa sawa, wala hakumfanyi mmoja amezwe na wengi. Kila mmoja aombolezwe kwa jina lake na kwa maisha aliyoishi. Pale walipouawa wale askari 10 pamesimamishwa nguzo 10 za mawe, kila mmoja yake, na kila nguzo ina mikato kuonyesha miaka ya aliyekufa. Waliozijenga walielewa jambo hili.

4. Na sisi tusioijua siku?

Ndugu, wengi wetu hatuna kaburi wala tarehe. Wengine tunaona haya, kana kwamba tuliwaacha wapendwa wetu mara ya pili. Tusione haya. Tumeona kwamba hata kwa wakuu wa nchi tarehe peke yake haisemi kitu. Mungu hahitaji kalenda yetu ili awajue watu wake. Soma Isaya 49:15-16 uone alivyoahidi.

Tunashauri kila nyumba ifanye hivi:

a) Tafuteni daftari moja. Andikeni jina la kila marehemu wa familia, jina la baba na mama yake, na kijiji alikozaliwa.

b) Chini ya kila jina andikeni jambo moja alilofanya: alilima nini, aliimba nini, alimsaidia nani. Wazee waseme, watoto waandike.

c) Msiyemjua siku yake, mchagulieni siku. Inaweza kuwa siku mliyoachana naye au siku ya ubatizo wake. Siku hiyo someni jina lake, mwombe, na kama kuna chakula, mmpe na jirani.

d) Msiandike neno la kulipiza kisasi katika daftari hilo. Ukweli uandikwe, hata ukiwa mchungu. Lakini watoto wasirithi chuki kutoka kwetu.

e) Jirani akiomboleza siku yake, msimpimie kilio chake na chenu. Kaeni naye.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Yesu hakueleza kosa la wale 18 wa Siloamu?
2. Ni kitu gani kilimwezesha Daudi kumlilia mtu aliyemwinda?
3. Ni jina gani katika familia yetu ambalo watoto hawajawahi kulisikia? Nani atawasimulia wiki hii?

Tuombe: Ee Bwana, wewe unayejua siku ya kuzaliwa kwetu na siku ya kufa kwetu, wakumbuke wale tusiojua walipolala. Ponya mioyo ya waliobaki. Linda ndimi zetu zisipande chuki, ili wana wetu waishi kwa amani. Amina.

Mungu azibariki nyumba zenu zote.