Chautauqua: kijiji cha vakansi kilichogeuka shule



Vakansi kubwa inakaribia. Kwetu sisi finalisti hii ni ya mwisho: tukishamaliza Ekzeta, kila mtu atafuata njia yake. Ju ya hiyo tumechagua kuwaletea somo la kijiji kimoja cha mbali, ambako watu wanaenda kupumzika kando ya ziwa lakini wanaenda na vitabu. Jina lake ni Chautauqua (soma: Shatokwa). Someni mpaka mwisho, sababu kule mwisho tuna neno linalotugusa sisi wote.

1. Mahali

Chautauqua iko Marekani, katika jimbo la New York. Msifikiri ule mji mkubwa wa majumba marefu. Kijiji hiki kiko mbali na mji huo, upande wa magharibi kabisa wa jimbo, kando ya ziwa lenye jina lile lile. Jina limetoka kwa wenyeji wa kwanza, waliokaa pale kabla ya Wazungu kufika. Ziwa lina urefu wa kilometa 27 hivi. Kivu yetu ina karibu 90, basi lao ni mtoto tu. Tena letu liko juu zaidi: mita 1.460 juu ya bahari, na lao mita 399. Lakini wakati wa baridi maji yao yanaganda, na wavuvi wanakaa juu ya barafu, wanatoboa shimo, wanavua samaki. Wavuvi wetu wa sambaza wakisikia hayo watasema tunadanganya!

2. Chanzo

Katika mwezi wa nane wa mwaka 1874, watu wawili waliita walimu wa shule ya Jumapili (sisi tunaita ECODIM) waje kujifunza kazi yao kwa wiki mbili. Mmoja alikuwa Lewis Miller, mwenye kiwanda cha mashine za kuvuna. Wa pili alikuwa John Heyl Vincent, mchungaji wa Kimetodisti. Walitumia kiwanja kilichokuwa tayari cha mikutano ya kanisa, chini ya miti. Watu walilala katika mahema. Kisha, mwaka kwa mwaka, mahema yakageuka nyumba za mbao. Ndiyo sababu mpaka leo nyumba nyingi zimebanana, na njia ni nyembamba: zilijengwa pahali pa hema.

Ili walimu waelewe Biblia vizuri, walitengeneza pembeni ya maji ramani ya udongo ya nchi ya Palestina, yenye milima, mto na miji. Mtu anaweza kuitembelea kwa miguu. Ziwa likachukua pahali pa Bahari ya Kati. Lakini pale ziwa liko mashariki, na Bahari ya Kati iko magharibi ya Palestina. Basi ramani yote imegeuzwa, kaskazini yake inaangalia kusini. Mwalimu wetu wa jiografia angewakata pointi!

3. Maisha ya pamoja

Wakati wa baridi wanabaki watu mia chache tu. Wakati wa joto, kwa wiki tisa, wanakuja maelfu. Asubuhi kuko ibada na mafundisho, kisha muziki, michezo, kuogelea na mitumbwi. Mikutano mikubwa inafanyika katika uwanja wenye paa bila kuta, uliojengwa 1893 na kujengwa upya 2017. Kando ya ziwa kuko mnara wa kengele tangu 1911, wenye jina la Miller. Sisi tuliopewa kazi ya kupiga kengele ya shule tunapenda habari hiyo! Mwanzoni walikuwa Waprotestanti, lakini leo Wakatoliki na Wayahudi pia wana nyumba zao pale.

Wana desturi moja nzuri. Katika 1877 alikuja msemaji asiyesikia. Kumpigia makofi kungemfaa nini? Vincent akaomba watu watikise leso nyeupe hewani, ili aone furaha yao kwa macho. Kisha wakaishika desturi ile kwa kuheshimu watu. Heshima ya kweli ni hiyo: kutafuta njia ambayo mwenzako ataweza kuipokea.

4. Masomo yaliyoruka uzio

Kijiji kina uzio na mlango, na kuingia wakati wa vakansi ni kwa tiketi. Nyumba zake ni za bei kubwa. Tuseme wazi: maskini hapati pale nafasi kirahisi. Vincent mwenyewe hakuwa amesoma universite, na jambo hilo lilimuuma siku zote. Basi katika 1878 alianzisha chama cha kusoma nyumbani. Mpango ulikuwa wa miaka minne. Kila mtu anasoma vitabu vilivyochaguliwa, pale pale kwake, hata kama ni mkulima, fundi au mama wa watoto. Wanaokaa karibu wanakutana na kuzungumza juu ya waliyosoma.

Mwaka wa kwanza walijiandikisha zaidi ya watu 8.000. Katika 1882 wale wa kwanza walimaliza, wakiwa 1.700 na zaidi kidogo. Wengi waliachia njiani, kama kwetu. Lakini fikirini watu 1.700 waliosoma miaka minne bila kengele, bila fimbo, bila mwalimu kusimama mlangoni! Chama hicho kinaendelea mpaka leo.

5. Majaribu

Kijiji kilipata pia taabu. Wakati uchumi wa dunia ulianguka, madeni yalikizidi, na katika 1933 kikawekwa chini ya wasimamizi wa madeni. Marafiki wakachanga, na katika 1936 deni likaisha. Mwaka ule ule, tarehe 14 mwezi wa nane, Rais Roosevelt alisimama pale akasema wazi namna anavyochukia vita, sababu alikuwa ameiona kwa macho. Sisi wa Mashariki ya Kongo hatuhitaji kufasiriwa neno hilo.

Tarehe 12 mwezi wa nane 2022, mwandishi Salman Rushdie alichomwa kisu jukwaani, akapoteza jicho moja. Alikuwa amekuja kuzungumza juu ya waandishi waliokimbia nchi zao. Mtu anaweza kuuliza: basi kusoma kumewalinda na nini? Jibu tunaliona pale pale: watu waliokuwa wameketi kusikiliza walikimbilia jukwaa, wakamkamata mshambuliaji. Hawakumwacha mgeni wao peke yake. Na mwaka uliofuata mikutano ikaendelea.

6. Na sisi?

Mwezi wa pili mwenzetu mmoja alirudishwa nyumbani ju ya minervali. Kila Jumamosi alituma mdogo wake mpaka kwenye mlango wa shule kuazima kaye zetu, na Jumapili jioni zinarudi, safi, zimefungwa ndani ya gazeti. Hakukosa hata mara moja. Sisi tulio ndani, tuna bibliyoteki, na wengine wetu hatujafungua kitabu kimoja mwaka mzima. Tuone haya kidogo.

Sasa, kila vakansi kabati ya vitabu inafungwa kwa ufunguo. Sababu tunaijua: mwaka juzi viliazimwa, vingine havikurudi. Tulikwenda kwa Bwana Prefe wa shule, naye akatujibu: «Mkipata njia ya kuhakikisha vitabu vinarudi, nitafungua.» Njia yenyewe tunaipendekeza hivi:

a) Wanafunzi watano wanaokaa kartye moja wanafanya kundi. Kundi linachukua vitabu viwili tu.
b) Wote watano wanatia sahihi. Kikipotea kimoja, wote watano wanalipa.
c) Kila Jumamosi wanakutana saa mbili. Kila mtu anaandika ukurasa mmoja juu ya kitabu alichosoma.
d) Kila kundi lipokee angalau mtu mmoja aliyeachishwa masomo. Bila hiyo, tutakuwa tumejenga uzio mwingine.

Sisi finalisti tutaondoka, lakini majina yetu yatakuwa ya kwanza kwenye orodha. Itabandikwa kwenye mlango wa bibliyoteki Ijumaa.

Maswali ya kujibu katika darasa

1. Kwa nini nyumba za Chautauqua zimebanana?
2. Uzio wa kijiji ulizuia nani, na chama cha kusoma kilimfikia nani?
3. Katika kartye yako, ni nani aliyeachia masomo na angependa kusoma tena? Usiandike jina lake. Nenda umwone.

Kapita wa shule, kwa niaba ya finalisti wote