SOMO: DAFTARI LA WAFANYAKAZI LINAPOBADILISHWA CHUONI



Somo letu la mara hii linawahusu wafanyakazi wa vyuo vikuu vya Uganda, hasa wale wasiofundisha madarasani: wapishi, wafagiaji, walinzi, madereva, makarani, wasaidizi wa maabara na watunza bustani. Chuo kikuu hakiendeshwi na maprofesa peke yao. Mwanafunzi hula kabla ya kusoma, na darasa hufagiwa kabla ya mwalimu kuingia.

Siku hizi ofisi za utumishi katika vyuo vingi zinatoa majina ya wafanyakazi katika mafaili ya zamani na kuyaingiza katika kompyuta. Tangazo linabandikwa ubaoni: kila mfanyakazi alete kitambulisho cha taifa, barua ya ajira, namba yake ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na majina ya mke au mume na watoto. Siku ya mwisho inatajwa. Anayechelewa anaweza kukuta mshahara wake umesimamishwa.

Kazi hii si mbaya. Daftari safi huondoa watumishi hewa wanaokula fedha ya chuo bila kufanya kazi. Lakini daftari likibadilishwa na mfanyakazi hajui kinachoandikwa juu yake, haki yake inaweza kupotea njiani. Kwa hiyo yatupasa kujua mambo manne.

1. JINA LIWE MOJA

Katika chuo kimoja tulimkuta mama mpishi aliyefanya kazi miaka mingi. Barua yake ya ajira ilikuwa na jina la ubatizo na jina la mumewe. Kitambulisho cha taifa kilikuwa na jina la ukoo wake, tena limeandikwa kwa herufi tofauti. Mwajiri alikuwa akipeleka michango yake kila mwezi, lakini jina na namba havikupatana, na michango ya miezi mingi haikuingia katika akaunti yake. Fedha ya namna hiyo haipotei, ila hukaa katika fungu la fedha zisizojulikana mwenyewe, mpaka mwenyewe ajitokeze na ushahidi.

Mama huyo alikuwa amebakiza miaka miwili kufikia miaka 55, umri wa kulipwa akiba ya uzeeni. Kama asingeuliza, angefika dirishani na kuambiwa kwamba akiba yake ni nusu tu. Mjumbe wa tawi alikwenda naye ofisini akiwa na barua ya ajira, karatasi za mshahara alizozihifadhi, na hati ya kiapo inayosema kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Mambo yalirekebishwa. Karatasi za mshahara ndizo zilizomwokoa. Ndugu, msifungie karanga karatasi hizo.

2. TUSOME KARATASI YA MSHAHARA

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kwamba kila mara mfanyakazi anapolipwa apewe karatasi inayoonyesha mshahara wake, kila makato, na sababu ya makato hayo. Tena karatasi hiyo iwe katika lugha anayoweza kuielewa. Basi usione aibu kumwuliza karani maana ya kila mstari.

Mstari wa kwanza wa kutazama ni wa Mfuko. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake wote kabla ya kodi. Mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Jumla ni asilimia 15. Tufanye hesabu ya mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi:

Anakatwa: 30,000
Mwajiri anaongeza: 60,000
Jumla kwa mwezi: 90,000
Jumla kwa mwaka: 1,080,000

Mwajiri yampasa kupeleka fedha hiyo katika siku 15 baada ya mwezi kwisha. Akichelewa hutozwa adhabu. Sasa fikirini mwajiri anayekata lakini hapeleki kwa miezi 7. Shilingi 630,000 hazimo katika akaunti, na katika hizo 210,000 ni jasho la mfanyakazi lililokwisha kukatwa. Faida ambayo Mfuko huongeza kila mwaka nayo inapungua, maana fedha isiyofika haizai.

Karatasi ya mshahara inaonyesha kilichokatwa tu. Haionyeshi kilichofika. Kwa hiyo kila mtu aombe taarifa ya akaunti yake katika ofisi ya Mfuko au kwa simu, aiweke kando ya karatasi zake za mshahara, na kulinganisha mwezi kwa mwezi.

Sheria ya Mfuko ilibadilishwa Januari 2022, na mabadiliko mawili yanatuhusu sana. La kwanza, mwanachama aliyefika miaka 45 na aliyechangia kwa miaka 10 anaruhusiwa kuchukua sehemu ya akiba yake isiyozidi asilimia 20 kabla ya uzee. Mwenye ulemavu aliyefika miaka 40 na kuchangia miaka 10 anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 50. Lakini miaka 10 huhesabiwa kwa michango iliyoandikwa. Ndiyo maana daftari likikosewa leo, mtu ataumia kesho.

La pili tutalieleza katika sehemu ya nne.

3. LIKIZO, UGONJWA NA UZAZI

Daftari jipya huandika pia siku za likizo. Hakikisheni kwamba siku zenu za nyuma hazikufutwa. Sheria hiyo ya 2006 inatoa haki hizi:

Likizo ya mwaka: siku 7 za mshahara kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka.

Uzazi: mama hupata siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baada ya hapo ana haki ya kurudi katika kazi yake. Angalieni neno hili, siku za kazi. Jumapili hazihesabiwi. Msimamizi akihesabu siku 60 za kalenda, amemnyang'anya mama haki yake.

Baba: siku 4 za kazi mkewe anapojifungua au mimba inapoharibika.

Ugonjwa: mwezi wa kwanza mfanyakazi hulipwa mshahara kamili. Mwezi wa pili ukiisha naye bado mgonjwa, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba. Kwa sababu hiyo mgonjwa asikae kimya nyumbani. Atume habari upesi na cheti cha daktari, na nakala ya cheti ibaki kwake.

Haya ni ya chini kabisa. Sheria ni sakafu, mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake. Mkataba kati ya chama na chuo unaweza kupanda juu zaidi, na hiyo ndiyo kazi ya chama.

4. VIBARUA NA WATU WA MKANDARASI

Vyuo vingi vimewapa wakandarasi kazi ya usafi, ulinzi na chakula. Watu hawa huonekana chuoni kila siku, lakini majina yao hayamo katika daftari la chuo. Wengine wanaitwa vibarua mwaka hata mwaka.

Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua hawezi kuwekwa hivyo zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Na hili ndilo badiliko la pili la 2022: zamani mwajiri mwenye wafanyakazi pungufu ya 5 hakulazimika kuchangia katika Mfuko. Sasa kila mwajiri analazimika, hata mwenye kantini yenye mpishi mmoja. Mkandarasi mwenye wafagiaji 4 hana tena mahali pa kujificha.

Ndugu zetu wenye ajira ya kudumu wasiseme, "Hayo si yetu." Chuo kikiona kazi ya mkandarasi ni rahisi kwa sababu watu wake hawana akiba wala likizo, kesho kitaipeleka na kazi yako huko.

KAZI YA TAWI

Tangazo la ofisi ya utumishi likitoka, wajumbe wa tawi wafanye hivi. Kwanza, walisome katika mkutano kwa lugha inayoeleweka na wote. Pili, waombe siku za kutosha kwa wazamu wa usiku na walio likizoni. Tatu, kila anayepeleka karatasi adai nakala iliyopigwa muhuri na kuandikwa tarehe. Nne, yeyote mwenye majina mawili aonekane mapema, asingoje siku ya mwisho. Tano, madai yapelekwe kwa maandishi. Ofisi ikikataa kusikia, yapelekwe kwa afisa wa kazi wa wilaya. Aliyeachishwa kazi bila haki akumbuke kwamba malalamiko yake yapasa kufika kwa afisa huyo katika miezi 3.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, jina lako ni moja katika barua ya ajira, kitambulisho na Mfuko?
2. Mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 400,000 atakuwa na akiba kiasi gani baada ya mwaka mmoja, bila faida? (Jibu: 720,000.)
3. Katika chuo chenu, ni nani wanaoitwa vibarua ingawa wamepita miezi 4? Waandikeni majina.
4. Mkifa leo, je, majina ya watoto wenu yamo katika daftari?

Swali la mwisho lisiwatishe. Mjibu jioni pamoja na watu wa nyumbani, na kesho yake mwende ofisini.

Umoja ni nguvu.