Dondoo muhimu: Programu za picha kwa wapigapicha wa Ruziba

Simu imejaa picha za mitumbwi na machweo ya Ziwa Tanganyika? Kabla ya kupakua programu, zingatia haya:

- Simuni, anza na Snapseed. Ni ya bure, haina matangazo na huhariri bila intaneti, hivyo haili bando. Mstari wa ziwa ukienda upande, zana ya kuzungusha huunyoosha.
- Kwenye kompyuta, jaribu digiKam. Ni ya bure, na hupanga picha kwa tarehe, lebo na nyota. Kwa marekebisho mazito, ongeza GIMP.
- Google Photos ina kikomo. GB 15 za bure hutumiwa pia na Gmail na Drive. Ruhusu ipakie picha kwa Wi-Fi pekee.
- Taja folda kwa mwaka, mwezi na mahali: “2025-08 Ruziba mwaloni”.
- Hariri nakala, picha asilia ibaki ilivyo.
- Unapotuma picha kwa WhatsApp, itume kama faili la hati ili ubora usipungue.

Weka nakala ya pili kwenye diski ya nje, na usifute chochote simuni mpaka uifungue uhakikishe ni nzima.